Kata ya Kwanza

Kadii alimimina mnazi kwenye kata, na wageni waliokuja kumposa binti yake wakamngoja. Mwenye kumimina ndiye anayekunywa kata ya kwanza, mgeni ajue hamna sumu.

Mnazi wenyewe uligemwa asubuhi ile. Ulikuwa bado mtamu, haujachacha.

Miezi minne hajagusa sima wala muhogo. Samaki na mchicha, mchicha na samaki, hata harufu yake imemchosha. Lakini sukari ya damu yake ilikuwa imeshuka kutoka kumi na tisa hadi saba.

"Mbona umekonda hivyo, mkwe?" baba wa kijana aliuliza. "Ni salama?"

"Ni salama. Nimepunguza kula tu."

Nani angeoa kwenye nyumba yenye maradhi?

Mzee akaitazama kata, kisha akamtazama yeye.

Kadii alimgeukia binti yake. Huyu ndiye humtoboa kidole kila asubuhi kumpima, ndiye humnyang'anya hata kipande cha embe. Neno lake moja lingetosha kumwepusha na kata hiyo.

Binti alikuwa akitengeneza leso yake mpya.

Kadii akavuta funda moja, akalishika mdomoni. Utamu ukamwingia hadi kwenye meno.

Wote walikuwa wakilitazama koo lake, binti pia.