Hita ya Mzee Kitwana

Umeme ulikatika nyumba nzima, na Mzee Kitwana, mwenye nyumba, akachomoka bafuni na taulo kiunoni, mapovu masikioni na plaizi mkononi.

"Mwatumu! Ni pasi yako hiyo! Leo nakata waya, na kesho unahama!"

Mwatumu alikuwa na magauni manne ya harusi yanayongoja kunyooshwa, na mwezi mzima alikuwa akitukanwa kwa ajili ya pasi hiyo. Alichukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akapiga magoti sakafuni mbele ya wapangaji wote.

"Umeme wetu volti mia mbili arobaini. Jana niliazima mita ya kupimia umeme, nikapima. Pasi inavuta ampea nne." Chaki ikakwaruza: wati mia tisa sitini, ukinzani omu sitini. "Swichi kuu inabeba ampea kumi na tano, zikizidi inakata umeme. Nne zinaikataje?"

"Fundi cherehani unanifundisha umeme?"

"Hita yako ya kuogea inavuta kumi na sita! Ukinzani wake omu kumi na tano tu!" Akaandika 240 mara 16, akaacha nafasi ya jibu, akamtupia chaki miguuni. "Wati zidisha mwenyewe. Si unasema mimi mjinga?"

"Elfu tatu mia nane arobaini!" mpangaji mmoja akadakia. "Baba, unaoga au unachemsha makande?"

Kicheko kikalipuka. Mwatumu hakucheka. Mkono mmoja ulishika waya wa pasi, wa pili ulionyesha waya wa hita uliopita ukutani.

"Haya, kata. Lakini kata unaostahili."

Mzee Kitwana aliinua plaizi. Povu likamdondoka sikioni, likatua sakafuni, pale palipoachwa wazi kwa ajili ya jibu.