Kahawa ya Nyumba Yenye Furaha

Tangu kahawa ianze kupimwa pamoja na furaha ya aliyeilima, nyumba yetu hapa Mbinga imenawiri. Kahawa ya mwenye huzuni haipandi meli, kwa hiyo wanunuzi wa ng'ambo wenyewe walituvutia maji na kutujengea zahanati, na mume wangu, Baba Kolumba, akaacha kufoka. Sijawahi kuishi vizuri hivi.

Jumanne simu ililia: mama yake amefariki Songea. Mpimaji wa furaha alikuwa anafika Alhamisi.

"Mama Kolumba, ndugu zangu niwaambie nini?"

Nikamfuta uso kwa kanga yangu.

"Watusubiri hadi Ijumaa. Mzigo ukishaondoka, tutaenda kulia."

Akajaribu kutabasamu. Mara ya tatu tabasamu likatoka zuri, hata mimi nikaamini.