Kinywa cha Kwanza

Chuo cha udaktari wa meno kilipofunguliwa tena, Nuriati alikuwa amesomea kunyoosha meno kwa zaidi ya mwaka mmoja bila kugusa kinywa cha mtu. Maradhi yalipoenea, masomo yalihamia kwenye simu, naye akajifunzia kwenye meno ya mfano yaliyotengenezwa kwa plasta, mezani pa mama yake.

Mgonjwa wake wa kwanza, Zamoyoni, alifungwa waya wa meno kabla chuo hakijafungwa, na tangu hapo hakuna aliyeugusa. Sasa ncha ya waya huo ilikuwa inamchoma shavu kwa ndani. Aliketi kitini akiwa na barakoa, asiivue.

"Dada, umeshawahi kumfanyia mtu kazi hii?" akauliza.

Mwalimu wa Nuriati alikuwa nyuma ya dirisha la kioo; kwa sababu ya maradhi hakuruhusiwa kusogea karibu. Nuriati angeweza kujibu ndiyo, na hakuna mwingine ambaye angesikia uongo huo.

"Hapana. Nimefanya kwenye plasta tu."

Zamoyoni akagusa shavu lake juu ya barakoa. "Plasta haisikii maumivu."

"Najua. Ukiumia inua mkono, nami nitaacha."

Zamoyoni akavua barakoa taratibu, akaikunja mapajani, akapanua mdomo. Shavu lilikuwa na kidonda kibichi. Nuriati akashika koleo la kukatia waya kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaingiza kioo kidogo cha kuangalizia meno. Pumzi ya Zamoyoni ikakipiga, kikatanda ukungu. Nuriati akagundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa amebana pumzi. Akaiachia, akasubiri kioo kitakate.