Kifungu cha Tisa

Bakuli la tambi na jibini lilikuwa bado la moto wakili alipoamuru lirudishwe kwenye gari.

"We Doreen! Unaenda nalo wapi hilo?"

"Ni chakula tu, Lyle. Mwenzetu kafiwa."

"Kafiwa, sawa. Na wewe ndiye unayedaiwa. Ukimpa chakula, wakili wake atasema umekuja kukiri kosa kwa tambi. Hebu rudisha."

Doreen Stroh akarudi maegeshoni na bakuli lake. Sisi watu wa Ohio mtu akifiwa hatumlilii, tunampikia; mlangoni kwa mfiwa mabakuli hujaa mpaka mengine huwekwa nje kwenye theluji. Doreen alikuwa amewapikia wafiwa wa mji huu kwa miaka thelathini. Hili la leo hakulitia kitunguu, maana alijua Gretchen Vasko hali vitunguu.

Doreen alikuwa mkurugenzi wa kituo cha familia. Watoto thelathini na wanane walishinda pale kila siku baada ya shule, na ghorofani walilala kina mama tisa waliokimbia vipigo vya waume zao. Wiki sita nyuma, siku ya barafu, dereva wa basi dogo la kituo alimpigia simu: barabara mbaya, niende nisiende? Doreen akamwambia aende, ila polepole. Basi likateleza, likaangukia mtaroni. Watoto sita walitoka na michubuko. Wa saba, Junie Vasko wa miaka sita, hakutoka.

Kabla Doreen hajafika hospitali, simu ya kampuni ya bima ilimfikia. Sauti ya upole kabisa ikamsomea kifungu cha tisa cha mkataba: mwenye bima asikiri kosa, asiahidi kitu, asiombe radhi, asiseme hata pole. Akithubutu, kampuni inajitoa. Na kampuni ikijitoa kituo kinafungwa, kwani serikali ya jimbo haikipi leseni kituo kisicho na bima.

Basi akanyamaza. Hospitalini alisimama mwisho wa ujia na hakusogea. Mazishini hakwenda, maana Lyle Amstutz, wakili aliyeletwa na bima, alimwambia kwamba akilia mbele za watu, kilio chake kitaandikwa.

"Na usimwite yule kwa jina," alimwonya. "Mwite mdai. Itakusaidia."

Haikumsaidia hata kidogo. Kila asubuhi alifungulia maji bafuni kwa nguvu, akasema "pole, pole, pole" mpaka sauti ikamkauka, kisha akavaa akaenda kazini.

Sasa walikuwa ofisini kwa mpatanishi, jaji mstaafu mwenye uso wa usingizi. Gretchen Vasko alikaa upande wa pili wa meza na koti lake mwilini, amekonda, macho yamemvimba.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Karatasi zenu nitasaini. Ila kwanza aniambie pole. Basi."

"Mteja wangu ameandaa tamko," Lyle akadakia.

"Wewe nani kakuuliza? Yeye hana mdomo? Si ndiye anayetuimbia redioni kila Krismasi jinsi anavyopenda watoto wa watu?"

Doreen alifungua kinywa. Chini ya meza Lyle akamgusa goti kwa kalamu. Neno lilikuwa limeshamfika kooni, na alilitaka litoke kuliko alivyotaka kuishi. Lakini akilini akawaona wale kina mama tisa wakishuka ngazi na mifuko yao, wakirudi kwa wale waume. Akavaa miwani, akasoma karatasi aliyoandikiwa.

"Kituo kinatambua msiba ulioipata familia husika."

"Familia husika!" Gretchen akacheka, kicheko kibaya. "Wiki sita nzima, ndicho ulichopata cha kusema? Ungeniambia neno moja tu siku ile hospitalini, leo tusingekuwa hapa. Hata huyu wakili nisingemtafuta."

Mpatanishi alijifanya anatafuta kalamu yake.

Gretchen alisaini kurasa zote bila kuzisoma. Kwa hivyo kampuni italipa, kituo kitabaki wazi, na bima itaendelea mwaka mwingine. Lyle akakusanya karatasi zake kwa furaha ambayo hakujua kuificha.

"Umefanya vizuri sana," akamnong'oneza Doreen. "Wengi hushindwa hapo."

Doreen alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Gretchen alikuwa ameshafika mlangoni. Akashika kitasa, akageuka, na safari hii hakupaza sauti.

"Siku ukiruhusiwa kumtembelea mjukuu wako, amezikwa kando ya Baba," akasema. "Tulimpa ile nafasi ya kaburi uliyojiwekea wewe, Mama."