Siku Tano za Kutokuwepo

Hakuwa na sahani mezani. Hakuwa na kiti, kwa sababu kiti chake kilikuwa kimewekewa kapu la nguo za kupiga pasi. Hakuwa na zamu ya bafu, wala mtu wa kumwamkia, wala mtu wa kumgombeza kwa kuacha taa ikiwaka. Na ilipofika Ijumaa asubuhi, fundi saa hakuwa tena na hakika kama yupo.

Mambo yalianza Jumatatu. Aliamka kwenye kochi la sebuleni akiwa na nguo za jana yake, akamsalimu mkewe. Mkewe akapita. Alipita kama mtu anavyopita penye nafasi tupu, bila kukunja uso, bila kuharakisha. Fundi akakohoa. Mkewe akafungua dirisha.

Jambo la mwisho alilolikumbuka vizuri ni chakula cha mchana cha Jumapili. Dada watatu wa mkewe walikuwa wamekuja, naye akawaeleza aliyofundishwa kwenye darasa la jioni: kwamba mtu akitaka ukweli usiotikisika, ashuku kila anachoweza kukishuku, na kitakachobaki ndicho hakika. Alieleza kwa mifano. Wote walinyamaza, akadhani somo limewaingia. Kisha kifua kikambana kidogo, akajinyoosha kwenye kochi. Baada ya hapo, giza.

Jumanne alikuja jirani mshonaji. Alisimama mlangoni, macho yakampitia fundi kama yanavyopitia pazia.

"Pole, dada. Unaendeleaje?"

"Nitazoea," mkewe alijibu. "Kitanda kimekuwa kikubwa, hicho ndicho cha kwanza nilichokiona."

"Na vitu vyake?"

"Nimevitia kwenye boksi. Mwenye kuvitaka aje aseme."

Jumatano binti yao alirudi kutoka kazini, akatua mkoba, akafungua mdomo: "Baba…"

Mama yake akaweka kijiko chini. "Unaongea na nani, mwanangu?"

Binti akageukia ukuta, midomo ikimtetemeka, mabega yakimcheza. Fundi alimwonea huruma. Alitaka kumshika bega, akaogopa mkono wake usije ukapita katikati kama moshi.

Alhamisi alikaa peke yake akajihoji. Mwalimu alisema anayeshuku lazima awepo, maana asingekuwepo, nani angeshuku? Darasani hoja ile ilikuwa tamu. Lakini miaka arobaini ya kufungua saa ilimfundisha kutoamini kitu kwa sababu tu kinatembea. Saa hutembea mchana na usiku, ina mapigo kama mtu, na haijui lolote. Tena alikwisha kuona saa zilizotembea vizuri kabisa huku zikiidanganya nyumba nzima. Nani alimhakikishia kuwa mawazo yake si magurudumu yaliyosahau kusimama? Akaanza kumshuku hata yule anayeshuku.

Alikipumulia kioo cha bafuni, kikafanya ukungu. Birika nalo hufanya hivyo. Alijifinya, akaumia, akakumbuka kwamba hata ndotoni aliwahi kuumia. Alijipakulia chakula jikoni, akala amesimama, akaishuku hata chumvi.

Usiku ule hakulala, au hakuota kuwa amelala.

Ijumaa akakata shauri. Saa haipimwi kwa saa nyingine ya nyumba ileile. Alihitaji shahidi asiyemjua. Akatoka. Mshonaji aliinamia cherehani yake. Kinyozi aliyekuwa akimwita "bwana mkubwa" kila siku alianza ghafla kufagia palipokwisha kufagiwa. Fundi akakaza mwendo, akavuka barabara mbili mpaka posta. Akasimama mbele ya kioo cha karani, hajui aanzie wapi.

"Mzee, uko kwenye foleni au unaegemea tu?"

Fundi akatazama nyuma. Hakukuwa na mzee mwingine.

"Unaniona?"

"Nakuona. Na hao walio nyuma yako wanakuona kuliko mimi."

"Una hakika?"

"Nina hakika unanichelewesha, baba yangu. Nikupe nini?"

Moyo ulimruka kwa furaha, kisha ukatua kwenye shaka mpya, mbaya kuliko ya kwanza. Saa ikitembea dukani na kusimama nyumbani, fundi mzuri haifungui tena. Anauliza imetundikwa wapi, na nani aliigusa mara ya mwisho. Akarudi kichwani mpaka Jumapili, neno kwa neno, mpaka kwenye ule mfano wa tatu. Masikio yakamwaka moto.

"Karatasi moja," alisema kwa sauti ndogo. "Na bahasha. Na stempu."

Aliandika amesimama pale pale. Karani akaisoma anwani juu ya bahasha, akainua macho.

"Hapa si mtaa wa pili tu? Ungempelekea mwenyewe."

"Nimesema naye siku tano. Hanisikii."

Karani akaacha utani. "Pole sana, mzee."

Fundi akaipitia karatasi yake mara ya mwisho. *Mke wangu, Jumapili nilisema mbele ya dada zako kwamba sina ushahidi wa kutosha kuwa wewe upo, na kwamba huenda ninakuota tu. Nimechunguza upya. Upo, bila shaka yoyote. Sasa nakuomba uwaambie na wengine kuwa nami nipo.*

Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa dole gumba, akaisukuma chini ya kioo.

"Iende leo," alisema.