Kigoda cha Bi Tukae

Hivi umewahi kumwona mtu akiwahi foleni ili awapishe wenziwe? Kila hema la chama cha afya lilipokuja mjini, Bi Tukae aliweka kigoda chake mbele tangu alfajiri. Zamu yake ikifika, husema, “Pita wewe, mimi sina haraka,” mpaka hema lifungwe, arudi nyumbani bila kupimwa.

Safari ya nne, Bi Tukae alipokwisha kuwapisha wote, nesi Mwanamkuu alitoka na kiti chake, akaketi nyuma yake.

“Na mimi utanipisha, mama?”

“Nikikupisha wewe, humo ndani nitamkuta nani?” Bi Tukae akacheka.

Kicheko kilikatika. Akaikaza leso kifuani.

“Mwanangu, nina uvimbe kwenye titi. Nataka uutazame.”