Sauti ya Uwamariya

Simu ililia Kanyamibwa akiwa juu ya mwamba, mahali pekee kwenye kilima kile ambapo rezo ya simu ilikubali kushika. Namba hakuijua. Akaiweka sikioni.

"Kanyamibwa, njo miye. Nimeponyoka."

Ilikuwa sauti ya mke wake. Moyo ulimruka, kisha ukasita.

Uwamariya alikuwa amekamatwa njiani akitoka sokoni Rubaya. Wenye bunduki hawakuwa na shida naye. Walimtaka Bienvenu, mdogo wake Kanyamibwa, ambaye walimbebesha silaha kwa nguvu na baadaye akawatoroka. Tangu siku Uwamariya alipokamatwa, ndugu hao wawili walijificha huku juu katika kibanda cha wachunga ng'ombe, pamoja na mama yao, Mukandori, na mtoto wa Kanyamibwa, aliyerithi jina la babu yake ingawa mama yake alimwita Kapapa tu, yaani kababa.

Simu ya Uwamariya nayo ilichukuliwa, na odio zake zote ndani, zile jumbe za sauti alizorekodi. Mwanamke yule alipenda kusema, jamani. Kwaya ya parokia, mashangazi, wanunuzi wa viazi, kila mtu alitumiwa odio yake, na kila odio ilianza na kicheko. Kanyamibwa alikuwa akimgombeza kwa hilo. Sasa angetoa shamba lote akisikie tena.

Lakini hakuwa mjinga. Redio ilikuwa imeonya kwamba siku hizi kuna mashine inayoiga sauti ya mtu, ukishailisha odio zake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye guu moja alikuwa ameshalitegua siku ya kukimbia.

"Kama njo weye kweli," alisema, "niambie jina ya papa yangu."

"Sebarenzi," sauti ilijibu bila kusita. "Bwana wangu, umenisahau?" Ikacheka kidogo, kicheko kile kile.

Kanyamibwa alilia kama mtoto, wala hakuona haya.

"Uko wapi?"

"Ku daraja, chini ya Bihambwe. Niko na kidonda, siwezi panda. Mukuje kunichukua."

Alipochechemea hadi kibandani na kutoa habari, Bienvenu alikuwa ameshasimama. Kijana huyo hakuwa amelala vizuri tangu shemeji yake achukuliwe.

"Kaka, na muguu hii utamubeba namna gani? Balimukamata juu yangu. Acha miye niende."

Akashuka mbio, simu yake mfukoni. Kanyamibwa alirudi mwambani kumsindikiza kwa macho, akicheka peke yake. Mukandori alimfuata polepole na sufuria ya viazi, akaketi karibu naye, akaanza kumenya. Ilikuwa lazima wampikie mgonjwa kitu.

"Na ulijua je kama njo yeye?" mama aliuliza. "Hii mambo ya mashine inaniogopesha."

"Nilimutega, Mama." Kanyamibwa alijigamba kidogo. "Nilimuuliza jina ya papa. Akalisema mara moja."

Kisu kilisimama juu ya kiazi.

"Alilisema? Na kinywa yake?"

"Sebarenzi, tena bila kufikiri."

Mukandori aliweka sufuria chini.

"Mwanangu, tangu umuoe, ulishamusikia analitaja? Muke wa kwetu anaweza taja jina ya papa ya bwana yake? Hata mutoto wake wa kuzaa anamuita Kapapa. Unafikiri ni juu ya nini?"

Kanyamibwa aliipiga namba ya Bienvenu. Haikupatikana. Akapiga tena, ingawa alijua vizuri kwamba kule bondeni hakuna rezo. Akaitupa simu, akasimama kwenye ncha ya mwamba, akaita jina la mdogo wake kwa nguvu zake zote, akimlilia arudi, arudi, arudi.

Chini kabisa, karibu na daraja, Bienvenu aligeuka. Upepo ulimfikishia sauti, haukumfikishia maneno. Alimpungia kaka yake mkono, kisha akaongeza mbio.